Mmenakili Nguzo, Mkaacha Benchi

Huku kwetu kuna ugonjwa wa nguzo. Toka Kitale mjini, shika barabara ya Webuye, pita Kiminini, pita Kamukuywa, halafu uhesabu nyumba mpya. Utahesabu mpaka uchoke. Nguzo nne mbele, zimechanua juu kama kabeji, zimebeba kipaa cha mlango ambacho hata nguzo mbili zingekibeba. Roshani imezungushiwa vinguzo vifupi vyenye tumbo kama chupa. Mwenye kuvimwaga yuko palepale kando ya barabara na kalibu zake, amevipanga kwenye nyasi anavyopanga kalavati. Muulize mwenye nyumba huo ni muundo gani. Atakujibu bila kusita: wa Kiitaliano.

Mimi nimelipwa kuliandika hilo neno. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda ukoo mzima, na tangu hapo nakula kwa kuandika vibarua: matangazo, wasifu wa wagombea, hotuba za harusi. Mwaka jana dalali mmoja alinitumia picha za nyumba kumi na mbili za kuuza, Kitale na Bungoma, akataka maelezo ya sentensi tatu tatu na sharti moja: neno Kiitaliano lisikose. Nikaandika. Pesa ilikuja baada ya miezi miwili, nayo ilikuja nusu. Lakini hiyo si hoja yangu leo. Hoja yangu ni kwamba lile neno tunalitumia bila kujua tunachokisifia, na kwa kutojua tumenakili kitu kisicho na faida, tukaacha kilichokuwa na faida.

Basi twende Italia kwanza, tukimalizana nayo turudi nyumbani.

Florence kuna nyumba inaitwa Palazzo Rucellai. Ni nyumba ya mjini ya tajiri wa biashara ya sufu, Giovanni Rucellai, na sura yake ya mbele ilibuniwa na Leon Battista Alberti kati ya miaka ya 1446 na 1451 hivi. Ukitaka kujua nguzo za Kamukuywa zimetoka wapi, babu yao mmoja ni huyu. Kwa mara ya kwanza mtu alichukua nguzo za Kiroma za aina tofauti, akazipanga ghorofa juu ya ghorofa kwenye uso wa nyumba ya kuishi. Ila sikiza vizuri: nguzo zile hazibebi chochote. Ni bapa, zimechongwa kwenye vipande vyembamba vya mawe vilivyobandikwa ukutani. Nyuma yake hakuna jumba jipya. Kuna nyumba kadhaa za zamani ambazo Rucellai alizinunua moja baada ya nyingine akaziunganisha. Upande wa kulia ule uso unakatika ghafla, kingo zimekaa kama meno, maana kazi haikumalizwa. Mpaka leo iko hivyo.

Utaniambia, si basi hata huyo Rucellai alikuwa anajionyesha tu? Ndiyo. Pesa haijawahi kuwa na aibu, Florence wala Kimilili. Lakini angalia chini ya zile nguzo. Chini kabisa, usawa wa barabara, kuna benchi la jiwe limepita mbele ya nyumba yote, limeshikana na ukuta. Palazzo Medici, jumba la matajiri wakubwa zaidi wa mji ule, nalo lina benchi. Lilikuwa la nani? La mpita njia. La mwenye shida anayesubiri kumwona mzee wa nyumba. La kijana asiye na kazi, la mbeba mizigo anayepumzisha mgongo. Tajiri alipojenga mlima wake wa mawe, aliukatia mji kipande cha kukalia. Alijua kwamba jina la nyumba linatengenezwa na watu wanaokaa nje yake.

Sasa rudi barabara yetu. Nguzo zipo. Benchi liko wapi? Mahali pa benchi pana ukuta wa futi nane wenye vigae vya chupa juu, waya wa stima, geti jeusi la chuma, na kitundu cha mlinzi kuchungulia. Tumenunua pambo kwa futi, tukaacha sehemu iliyofanya ile nyumba iwe ya mji.

Na kuna jambo kubwa zaidi ya benchi. Ule wakati wanaouita Renesansi, maana yake kuzaliwa upya, haukuanza na mtu kuagiza nguzo. Ulianza na watu kuchimba magofu ya kwao. Inasimuliwa kwamba Brunelleschi na rafiki yake Donatello walikwenda Roma wakashinda wakifukua na kupima misingi ya majengo yaliyokuwa yamefukiwa, mpaka watu wakawadhania ni wasaka hazina. Alberti naye aliipima Roma ile ile, akaandika vitabu kumi juu ya ujenzi. Magofu yale yalikuwa hapo miaka elfu moja. Mbuzi walilisha juu yake. Watu waliiba mawe yake wakachoma chokaa. Kilichobadilika ni kwamba kizazi kimoja kiliamua kuuliza: hawa waliotutangulia kwenye udongo huu walijengaje, na kwa nini?

Hilo swali ndilo lilikuwa Renesansi. Nguzo ilikuwa jibu lao. Sisi tumenakili jibu la mtihani wa mtu mwingine, na swali letu tumeliacha tupu.

Hebu basi tulijibu. Mwaka ambao Alberti alikuwa anabandika nguzo zake, huku kwetu kulikuwa na nini?

Kulikuwa na Gedi. Mji wa mawe karibu na Malindi, ndani ya msitu, sasa Kaunti ya Kilifi. Karne ya 15 ulikuwa unang'aa. Una kaburi lenye tarehe iliyoandikwa, mwaka 802 wa Kiislamu, yaani 1399. Ulikuwa na kuta mbili, ya nje ikizunguka ekari 45 hivi, na msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu, na nyumba za watu wa mjini zilizoshikana bega kwa bega. Wachimbuzi walizipa majina ya vitu walivyookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Rudia hilo la mwisho polepole. Ushanga wa Venisi, sebuleni kwa mtu wa Gedi. Italia ilikuwa imefika Kenya, ikakaa kwenye kisanduku cha mama fulani, wala hakuna aliyebomoa ukuta wake ili afanane nayo.

Sasa ile nyumba yenyewe. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe hayo hayo. Dari limelalia boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba hakizidi upana wa mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliokuwa msanifu. Kutoka nje huoni kitu, ukuta mtupu na mlango wenye tao lililochongoka. Unaingia kwenye kiwanda, ua ulio wazi juu, mwanga na hewa vinashuka hapo. Kutoka ua unaingia ukumbi mrefu, nyuma yake vyumba vya kulala, na nyuma kabisa ghala lisilokuwa na mlango wa kawaida: unapanda, unaingilia tundu lililo juu ukutani. Mwizi ajipange. Choo kiko ndani ya nyumba, na mahali pa kuoga. Nasema karne ya 15. Kuna ploti za kukodi hapa Kitale, mwaka huu, ambazo milango kumi inagawana choo kimoja.

Na ukipanda kaskazini mpaka Lamu, ambako nyumba nyingi zilizobaki ni za karne ya 18 lakini zimefuata mpango huo huo wa zamani, mbele ya mlango utakuta nini? Daka, na ndani ya daka benchi za mawe kulia na kushoto. Jina la benchi hilo unalijua. Ni baraza. Neno lile lile ambalo chifu analitumia akikuita ukasikize habari za ugawaji wa mbolea. Mgeni alipokelewa barazani, biashara ikaongelewa barazani, mtu akasemwa barazani, na waliokuwa ndani wakabaki na siri yao. Matajiri wa miji miwili isiyojuana, Florence na Lamu, wote walifikia jawabu moja: nyumba ya mtu mkubwa lazima iwe na mahali ambapo mtu mdogo anaweza kukaa bila kuomba ruhusa.

Najua lawama inayokuja: kijana wa Bungoma, Gedi inakuhusu nini? Ni ya watu wa pwani. Sawa. Lakini nguzo za Florence zinakuhusu kwa udugu upi? Na hii lugha ninayokutukania nayo imetoka kwenye zile baraza. Niliipata bure. Nikimeza lugha, nikatema nyumba iliyoizaa, hapo ndipo nitakuwa mgeni.

Tatizo ni kwamba tulifundishwa kuitema. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alifanya kazi kubwa, nayo tunaitegemea mpaka leo. Lakini kitabu chake cha 1954 kiliuita mji ule mji wa Waarabu, tangu jalada. Mwafrika aliachiwa nafasi ya kubeba mawe. Imechukua miaka mingi, na kazi ya Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, kurudisha jambo lililokuwa wazi: miji hii iliota hapa, kutoka kwa vijiji vya wakulima na wavuvi wa hapa, ikafanya biashara na kuoana na walioletwa na pepo za kaskazi. Mwaka 2023 Kusimba na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani. Ukaonyesha damu zote mbili: ya Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa akina baba. Aliyetaka kusikia Waarabu tupu hakusikia, na aliyetaka kusikia Waafrika watupu pia hakusikia. Jibu lilikuwa watu wa pwani, kama walivyokuwa wakijieleza wenyewe siku zote.

Na jambo ambalo vipeperushi vya watalii havisemi: hata Gedi, watu wengi hawakuishi kwenye mawe. Nje ya ukuta wa ndani zilijaa nyumba za udongo na makuti. Mji ulikuwa wa udongo kwanza, mawe yakafuata. Shika hilo, maana ndilo linatupandisha bara.

Hapa Trans Nzoia, na chini mpaka Uasin Gishu na Nakuru, ardhi ina mabakuli. Ni mashimo ya duara, mita kumi hadi ishirini upana, yamekaa kwa makundi kwenye miteremko. Wazee wa Kikalenjin wanasema ni ya Wasirikwa, watu waliokuwa hapa kabla. Wanaakiolojia waliyachimba: Mary Leakey huko Hyrax Hill, Merrick Posnansky huko Lanet karibu na Nakuru, halafu John Sutton akayafuatilia nyanda zote hizi. Si mashimo ya kuchimba madini wala ya vita vya wazungu. Ni mazizi ya ng'ombe yaliyozamishwa, na nyumba ya watu imeshikana nayo ubavuni. Mlango wa zizi unaangalia mteremko. Kuingia nyumbani ni lazima upitie zizini. Yaani mwizi wa ng'ombe apite kwa ng'ombe ili amfikie mwenyewe, na mwenyewe yuko tayari na mkuki. Lanet ilipimwa kwa kaboni, tarehe ikaangukia karne ya 16 hivi. Ni karne ile ile ambayo Italia ilikuwa inajaza vitabu vya nguzo.

Ua katikati, mlango mmoja unaolindwa, makao yameegemea ua. Je, hujawahi kuona mpango huo? Umeuona Gedi, aya chache zilizopita. Sisemi Msirikwa alijifunza kwa Mswahili. Nasema wote wawili walikuwa wasanifu, kila mmoja na vifaa vyake na hofu zake.

Mwaka 1933 Mwingereza aliyeitwa Huntingford aliandika juu ya mabakuli haya na kuta za mawe za nyanda hizi, akavifunga kwenye furushi moja, akaliita ustaarabu wa Azania. Watu waliotoweka, eti. Ni hadithi ile ile ya Gedi: ukikuta kitu kizuri Afrika, mtafutie mwenyewe mbali. Lakini Huntingford alau aliyaangalia. Sisi tumeleta trekta. Shamba la mahindi halitaki bakuli, linataka usawa, na kila msimu wa kulima mabakuli yanajazwa udongo na mbegu ya kisasa inapandwa juu. Mtu huyo huyo mwenye trekta ndiye anamwaga nguzo nne. Kafukia nyumba ya karne ya 16 ili apate pesa za kununua mfano wa nyumba ya karne ya 15.

Upande wa Bungoma, Wabukusu walikuwa na chingoba, vijiji vyenye ngome. Ukuta wa udongo umezunguka kijiji, nje yake handaki, lango jembamba ambalo mtu huinama akiingia, ndani nyumba za duara na ng'ombe na ghala za wimbi. Lumboka ilikuwa mojawapo. Chetambe, kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye, ilikuwa nyingine. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza likiongozwa na Hobley lilizipiga zote mbili kwa bunduki za rashasha, likachoma, likateka mifugo. Udongo ulistahimili kabla ya hapo, miaka mingi ya mishale na mikuki. Kilichoushinda ni risasi.

Tazama huo mwaka, 1895, maana unajirudia. Ndio mwaka Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Ndio mwaka Fort Jesus ya Mombasa ilifanywa jela, ikabaki jela mpaka 1958. Na Fort Jesus, kwa wale mnaopenda Kiitaliano, ndiyo Renesansi halisi mliyonayo Kenya: iliyobuniwa na Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Italia, ikajengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, imepangwa kwa vipimo vya mwili wa mwanadamu kama vitabu vya enzi hizo vilivyotaka. Renesansi ilipotutembelea kwa miguu yake yenyewe, ilikuja na mizinga. Halafu Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, sheria yetu wenyewe, inasema kitu cha kale kinachohamishika ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka ule ule. Hata kipimo chetu cha ukale tumekikopa kwa aliyechoma Lumboka.

Sasa angalia kile ambacho dunia imekubali kukiita urithi wa majengo nchini: Lamu 2001, Fort Jesus 2011, Thimlich Ohinga 2018, Gedi 2024. Zote nne zinastahili, na ningegombana na yeyote atakayezigusa. Lakini zote nne ni za mawe. Udongo haumo. Mtu ataniambia udongo huyeyuka, utahifadhi nini? Aende Djenné, Mali. Mji mzima wa udongo, uko kwenye orodha hiyo hiyo tangu 1988, na msikiti wake hukandikwa upya kila mwaka na wenyeji wenyewe, kwa sherehe. Udongo haudumu peke yake. Unadumishwa. Hiyo ndiyo tofauti na jiwe, na mimi naona ni sifa: jiwe linaweza kusahauliwa likabaki, udongo unabaki kwa sababu kuna mtu anaukumbuka.

Mama yangu akisoma hapa atacheka. Najua atakachosema, maana ameshasema: "Wewe ambaye hujawahi kuchota kinyesi cha ng'ombe ukakandika ukuta Desemba nzima, ndiye wa kutufundisha uzuri wa udongo?" Ana haki. Kukandika ilikuwa kazi ya wanawake, ikawala migongo. Moshi uliwala macho. Funza waliwala watoto vidole. Sisemi mtu arudi huko. Tofali la kuchoma ni zuri, bati ni zuri, choo cha ndani ni kizuri, hata Gedi walijua. Ninachokataa ni ile ngazi tuliyowekewa kichwani, ambapo nyumba ya udongo inaitwa semi-pamanenti, yaani nusu nyumba ya nusu mtu, na nyumba ya nguzo ni kufika. Tungeweza kuacha moshi na funza tukabaki na ua.

Maana ua ndio tumeupoteza, na sisi kwa ajabu ndio tulioitwa kwa jina lake. Moja ya maelezo ya jina Waluhya ni oluyia, pale mahali pa moto ambapo ukoo hukutana. Kabila zima limeitwa uwanja wa kukaa. Halafu nenda kwa khocha wangu hapa Bungoma. Amejenga ghorofa, nguzo sita, kabro kutoka geti mpaka mlangoni. Agosti 2024, mwaka wa tohara, mwanawe alitoka mtoni alfajiri amepakwa tope kuanzia utosini, amezingirwa na waimbaji, ili asimame kwenye ua wa babake kama alivyosimama babake na babu yake. Geti lilikuwa limefunguliwa upande mmoja kwa sababu ya magari. Watu walibanana hapo. Kijana akasimama juu ya kabro. Mzee mmoja aliinama akagusa yale mawe ya saruji kwa vidole, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa damu itaenda wapi?" Walileta karai la udongo kutoka kwa jirani, wakalimwaga chini ya miguu yake.

Kukhu, mamake khocha, alikuwa amekuja tangu jana yake. Kwenye nyumba ya vyumba saba hakupata mahali pa kukaa nje. Ndani kuna makochi, lakini yeye hataki makochi, anataka kuona nani anapita na kusalimiwa na kila anayepita. Mwishowe alikalia mfuko wa simiti uliobaki kwenye mjengo, umekauka kama jiwe, katikati ya nguzo mbili. Nilimwambia, "Kukhu, twende ndani." Akanijibu, "Ndani nitaenda nikifa. Watu wako huku." Nguzo sita, na benchi la nyumba ile lilikuwa mfuko wa simiti ulioharibika.

Mtanijibu: ni pesa yake, ni ploti yake, wewe ambaye hujamwaga hata jamvi moja unamsumbua wa nini? Ni kweli sina nyumba. Lakini nyumba si ya mwenyewe peke yake. Ukuta wako ndio barabara yangu. Ukiweka chupa juu yake, nimeambiwa mimi ni mwizi kila nikipita kwenda sokoni. Ukiweka benchi, nimeambiwa mimi ni jirani. Na ukuta wa mawe wa Gedi nao ulikuwa mtupu kwa nje, hauonyeshi utajiri wa ndani. Faragha hatuikatai, wala ulinzi. Wabukusu wa chingoba walijua hofu kuliko sisi. Ila ukuta wao ulizunguka kijiji. Wetu unazunguka gari moja.

Wala msifikiri nazungumzia mambo ambayo hayapo. Nenda mtaa wa zamani wa Bungoma au Kitale, kwenye yale maduka ya Wahindi yaliyofuata reli, ile iliyofika Kitale mwaka 1926. Bati limeshuka mbele likawa veranda, na chini ya veranda fundi wa cherehani, mwenye kushona viatu, na mama wa ndizi. Hawakupewa mkataba. Veranda iliwapa kazi. Sasa yale maduka yanabomolewa moja moja, yanapanda majengo ya vioo ambayo mlango wake uko usawa wa barabara na askari amesimama hapo, na fundi wa cherehani amesukumwa juani. Ile ilikuwa baraza ya mji wetu. Hakuna aliyeipima, hakuna aliyeichora, wala mwanafunzi wa usanifu hajatumwa pale na futikamba.

Hapo ndipo pa kuanzia, na hakuhitaji mfadhili. Walimu wa historia wa Trans Nzoia na Bungoma, mna darasa zima la nje ambalo ni bure. Peleka watoto na kamba na vigingi, wapime bakuli moja la Sirikwa kabla trekta halijarudi, wachore mlango uko upande gani na kwa nini. Wapandishe Chetambe wakauone mteremko na waulize wazee handaki lilipita wapi. Kitale pana makumbusho, yenye nyumba za mfano za jamii zetu. Acheni kwenda pale kutazama nyoka peke yake. Serikali za kaunti mbili, mnajua kuandika vibao vya kila mradi vyenye sura ya gavana. Andikeni kimoja Lumboka, bila sura. Wenye mashamba, mkikuta bakuli, liacheni hilo moja, lizungushieni miti. Na nyinyi mnaosomea usanifu kwa karo ambayo mimi sikuiweza, mmefundishwa Alberti, ni vizuri. Sasa fanyeni alichofanya: chukueni kipimo, mpime kilicho chini ya miguu yenu.

Na wewe uliye na ploti na ndoto, uliye karibu kumwita fundi. Kabla hujalipia nguzo ya nne, muulize bei ya benchi. Ni mawe machache, mchanga, na mfuko mmoja wa simiti ambao haujaharibika. Lijenge nje ya geti, upande wa barabara, mahali penye kivuli asubuhi. Ukitaka kuliita la Kiitaliano, liite. Ukitaka kuliita la Kiswahili, au la kwenu, utakuwa umesema kweli vilevile. Litakaa watu.